Kisa na Mazingaombwe: Picha za Ajabu na Udhaifu wa Hadithi katika Filamu

Swali la iwapo picha za ajabu zaweza kufidia udhaifu wa hadithi ya filamu limezoea kujibiwa kwa ladha ya mtu: huyu apenda mapigano ya angani, yule apenda maneno, na kila mmoja huachiwa lake. Jibu la namna hiyo halimfai mchunguzi wa lugha, wala halimfai mhakiki wa fasihi. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki swali hili lilikwisha kupimwa na watazamaji wenyewe kwa miaka mingi, tena kwa njia iliyo karibu sana na jaribio la kisayansi. Makala haya yanakusudia kuyasoma matokeo ya jaribio hilo, na kuonyesha ni kitu gani yanachowadai watengenezaji wa filamu za Kiswahili wa leo.

Mahali pa jaribio pajulikana. Katika mtaa wa Malindi, upande wa kaskazini wa Mji Mkongwe wa Unguja, jirani na bandari na soko la samaki, palikuwa na jumba la sinema lililoitwa kwanza Sultana, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 likaitwa Cine Afrique. Vuga palikuwa na Royal, na baadaye Majestic. Watu walioingia katika majumba hayo aghalabu waliangalia filamu zilizosemwa kwa lugha ambazo wengi wao hawakuzijua. Filamu za Bombay zilisemwa Kihindi, za Cairo Kiarabu, za Marekani Kiingereza. Mtazamaji aliyekuwa na hakika ya Kiswahili chake tu alipewa picha nzima bila ya upungufu wowote, akanyimwa maneno. Kila kilichokusudiwa jicho alikipata. Kilichopungua ni kile ambacho maneno hukibeba. Basi ikiwa picha yaweza kusimama badala ya hadithi, mtazamaji huyu ndiye angalikuwa shahidi wa kwanza wa jambo hilo. Ushahidi wake utatajwa mahali pake. Kwanza yafaa kuyapima maneno.

Kwa “picha za ajabu” hapa hukusudiwa kila kitu ambacho fundi wa filamu hukitengeneza ili jicho listaajabu: joka lililochorwa kwa kompyuta, jiji linaloporomoka, mtu arukaye bila mbawa, na hata mandhari ya kawaida iliyopigwa kwa namna ya kumshangaza mtazamaji. Kiswahili kina maneno mawili ya sanaa ya namna hii, nayo ni mazingaombwe na kiini macho. Hayana tusi ndani yake, kwani mfanya mazingaombwe ni mtu anayeshangiliwa. Lakini yana onyo. Mwenye kuangalia ajua kwamba anadanganywa, na amekubali kudanganywa kwa muda. Tena kiini macho kimekitaja kiungo kinachodanganywa, nacho ni jicho. Moyo haukutajwa.

Upande wa pili liko neno kisa. Neno hili lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya hadithi, lakini katika kinywa cha Mswahili limebeba pia maana ya sababu. Wagomvi wakiulizwa, “Kisa cha ugomvi wenu ni nini?” hawatakiwi kusimulia ngano, watakiwa kutaja chanzo. Na mtu aliyefukuzwa pasi na kosa hulalamika kwamba amefukuzwa pasi na kisa. Maana hizi mbili kukaa katika neno moja ni jambo la kuzingatiwa sana na mhakiki. Lugha yaonyesha kwamba hadithi ni mambo yaliyofungwa kwa sababu, na kwamba pasipo sababu hapana hadithi, hata yakiwapo mambo mengi. Hivyo filamu yenye kisa dhaifu haijulikani kwa uchache wa matukio. Ni ile ambayo tukio lake la pili halikuzaliwa na la kwanza, na ambayo mtu akiuliza, “Kwa nini?” hujibiwa na mripuko.

Kutokana na hayo, hapana budi kutenga kisa dhaifu na kisa sahili, kwani wengi huvichanganya. Mwaka 1971 Bruce Lee aliigiza katika filamu iitwayo The Big Boss. Kisa chake chaweza kusemwa kwa pumzi moja: kijana aenda kufanya kazi katika kiwanda cha barafu nchini Thailand, amemwahidi mama yake kwamba hatapigana tena, na shingoni amevaa kidani cha kumkumbusha ahadi hiyo, jamaa zake wanapotea mmoja mmoja. Kwa muda mrefu wa mwanzo yeye hunyosha mikono chini na kutazama wenziwe wakipigwa. Kidani kinapokatwa katika vurugu, ndipo ngumi inapotoka. Hapa kisa ni sahili kabisa, lakini si dhaifu hata kidogo, kwa kuwa kila ngumi ina deni nyuma yake. Vijana wa Afrika ya Mashariki walioiga mateke ya Bruce Lee katika miaka ya 1970 waliambiwa na wakubwa wao kwamba wanapenda fujo tupu. Wakubwa hao walikosea: kilichoonekana kuwa ni fujo kilikuwa ni ahadi iliyovunjika.

Kipimo cha pili kimo katika desturi ya kusimulia. Msimulizi akisema “Paukwa,” wasikilizaji hujibu “Pakawa”. Na akitangaza hadithi, hujibiwa: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Maneno haya husemwa na watoto, na labda kwa sababu hiyo hayakupewa heshima yanayostahili na wataalamu, kwani ndani yake mna mkataba kamili. Wasikilizaji wanaruhusu uwongo. Wanaualika kwa jina lake. Sungura atasema, nyoka atavaa pete, mtu atamezwa na zimwi na kutoka mzima. Hakuna atakayemshitaki msimulizi kwa ajili ya ajabu hizo. Lakini sharti moja limewekwa mwisho, nalo ni kukolea. Kitenzi hiki ni cha jikoni. Mchuzi hukolea chumvi ikiufika kwa kadiri yake. Chumvi ndiyo iletayo utamu wa mchuzi, na hata hivyo hapana mtu aliyewahi kupakuliwa chumvi sahanini akaambiwa ale. Ndiyo maana msimulizi mwenye kuzidisha husemwa kwamba anatia chumvi; na neno kutia lataka kiwepo kitu cha kutiliwa.

Sasa na urejewe ushahidi wa mtazamaji aliyenyimwa maneno. Alifanya nini? Alikitafuta kisa. Alimwuliza jirani aliyejua Kihindi. Alimsikiliza aliyekwisha kuiona filamu jana. Aliunganisha nyuso na nyimbo, kisha akatoka na kuisimulia barazani, na waliomsikiliza wakaenda kuitazama wakiwa na kisa mikononi. Msamiati aliouunda unamshuhudia. Neno stelingi, lililotokana na Kiingereza, lilipata kuwa na maana ya mtu ambaye kisa kinamfuata. Aliyempinga aliitwa adui. Haya ni majina ya nafasi katika hadithi. Kwa ufundi wa picha mtazamaji wa kawaida hakuhitaji msamiati wa namna hiyo. Alisema tu kwamba picha ni nzuri, akapita.

Zilipokuja zama za mikanda ya video jambo hili lilidhihirika zaidi, kwa sababu liligeuka kuwa biashara. Dar es Salaam walitokea wasimulizi waliozitia filamu za kigeni sauti ya Kiswahili, na aliyepata sifa kubwa miongoni mwao ni marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Nchini Uganda kazi hiyo hufanywa kwa Kiganda na wasimulizi waitwao viijei. Thamani ya ushahidi huu ni kubwa. Filamu iliyofika mkononi mwa Lufufu ilikuwa na mazingaombwe yake yote: magari yalikwisha kupinduka, majumba yalikwisha kuungua, na fedha nyingi za Marekani, India au Hong Kong zilikwisha kutumika. Hata hivyo watu walilipa tena ili waongezewe kitu, na kitu chenyewe kilikuwa ni maneno ya msimulizi. Sokoni hulipiwa upungufu. Mtu ambaye picha imemtosha hakodi ulimi.

Mfano wa ajabu kupita wote umo katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, ambako Bwana Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 filamu iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo mno, akiunda helikopta na moto kwa kompyuta ya nyumbani. Mazingaombwe yake ni ya kuchekesha, na kisa chake chavuja. Jina la filamu lauliza nani aliyemwua Kapteni Alex, na filamu yaisha bila ya kujibu. Kwa kanuni iliyotajwa hapo juu filamu hii ingalipaswa kuanguka. Badala yake ilipata watazamaji wengi duniani, na sababu yasikika tangu mwanzo: msimulizi aitwaye VJ Emmie hasiti kusema juu ya picha, kuzicheka, kuwasifu wapiganaji, na kumwandaa mtazamaji kwa yajayo. Kilichoiokoa filamu ni sauti. Udhaifu wa kisa na udhaifu wa picha vyote viwili vilifunikwa na sanaa ya kale kuliko sinema.

Haya yote hayasemi kwamba picha za ajabu ni takataka. Yatosha kuitazama Awaara ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Raj Kapoor na kuandikwa na Khwaja Ahmad Abbas, filamu iliyopendwa sana katika mwambao huu kama ilivyopendwa Urusi na Mashariki ya Kati. Ndani yake mna ndoto ya dakika tisa hivi: mawingu yanajaa chini ya miguu, ngazi zinapanda mbinguni, masanamu makubwa yanasimama, kisha moto na mashetani. Kwa wakati wake yalikuwa ni mazingaombwe makubwa kabisa katika sinema ya Kihindi. Lakini ndoto hiyo imekaa wapi? Imekaa katika kisa cha hakimu aliyeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Kwa imani hiyo alimhukumu mtu asiye na hatia. Mtu yule akawa jambazi kweli, akalipa kisasi kwa kumteka mke wa hakimu. Na mtoto wa hakimu mwenyewe, asiyemjua baba yake, akalelewa katika wizi. Mbingu za ndoto ni mwanamke anayempenda kijana huyo. Moto wake ni jambazi aliyemlea, amesimama na kisu. Mtazamaji asiyejua neno moja la Kihindi aliziona ngazi zile akajua kwamba kijana anataka kupanda na kwamba yuko anayemvuta chini. Hapo picha imesema kisa kwa ulimi wake wenyewe, wala haikujaribu kukifidia.

Mfano huu walinganishwa kwa manufaa na filamu iitwayo Final Fantasy: The Spirits Within ya mwaka 2001. Hiyo ilitengenezwa kwa kompyuta tupu, kwa nia ya kuwaunda wanadamu wafanane na walio hai; kichwa cha bibi aliye stelingi kilipewa nywele zipatazo 60,000, kila mmoja ukitikisika peke yake. Iligharimu dola milioni 137 hivi, ikakusanya katika majumba ya sinema milioni 85 hivi, na kampuni ndogo iliyoundwa kuitengeneza huko Honolulu ikafungwa. Wahakiki waliusifu unywele na kukilaumu kisa kwa giza lake. Hapana haja ya kucheka hasara ya watu. Lakini yafaa kuuliza unywele ule ulikuwa na kazi gani. Ngazi za Awaara zingaliondolewa, kijana angalipoteza njia ya kusema hofu yake. Nywele 60,000 zingalipunguzwa zikawa elfu moja, kisa kisingalijua.

Iko hoja nyingine inayopingana na nguvu ya picha, nayo yahusu hofu. Mwaka 1995 visiwa vya Pemba na Unguja vilishikwa na khofu ya Popobawa. Jina lenyewe ni maneno mawili, popo na bawa, nalo ndilo lililokuwa karibu ya umbo lote alilopewa. Hapakuwa na picha yake hata moja. Waliosimulia hawakuafikiana juu ya sura yake. Na bado watu wazima waliacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto. Neno tupu, likipita kinywa hata kinywa, lilifanya kazi ambayo fundi wa filamu hulipwa mamilioni aifanye. Mwongozaji Steven Spielberg alijifunza siri hiyo kwa kulazimishwa. Alipotengeneza Jaws mwaka 1975, papa wa mashine aliyeundwa kwa ajili ya filamu aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi. Ikambidi amfiche papa, aonyeshe mapipa yanayovutwa majini na muziki unaokaribia. Filamu ilitisha kwa sababu kiini macho kilishindwa. Mvuvi wa Malindi hahitaji kuelezwa jambo hili. Ajua kwamba papa anayetisha ni yule ambaye bado hajapanda juu.

Mtetezi wa picha za ajabu hatakosa majibu, na majibu yake mawili ni mazito. La kwanza ni la historia. Sinema, atasema, ilizaliwa katika mazingaombwe. Georges Méliès wa Ufaransa alikuwa mfanya mazingaombwe kwa kazi yake, mwenye ukumbi wake mjini Paris, kabla hajapeleka watu mwezini katika filamu yake ya mwaka 1902. Hayo ni kweli. Lakini historia hiyo hiyo ina sehemu ya pili: baada ya miaka michache watazamaji walikwisha kuyazoea mazingaombwe yake, wakawaendea wengine waliojua kuunganisha matukio, na Méliès akaishia kuuza vitu vya watoto katika stesheni ya Montparnasse. Ajabu ina tabia ya kuzeeka upesi. Jicho likiona mara ya pili halishangai kama mara ya kwanza, na kila fundi hulazimika kumshinda aliyemtangulia. Kisa hakina mbio hizo. Kijana aliyenyimwa baba hakupitwa na wakati tangu mwaka 1951.

Jibu la pili ni la fedha. Filamu ya pili ya Transformers, iliyotoka mwaka 2009, ilitengenezwa katika kipindi kilichoguswa na mgomo wa waandishi wa Marekani, ulioanza Novemba 2007 na kwisha Februari 2008. Matayarisho yaliendelea bila ya waandishi, na kisa chake kililaumiwa karibu na kila mhakiki. Hata hivyo ilikusanya zaidi ya dola milioni 800. Je, hapo picha hazikufidia? Kwa mwenye duka zilifidia, na haifai kulificha hilo. Lakini tiketi hulipwa kabla ya picha. Pato lathibitisha kwamba watu waliitwa wakaja. Halithibitishi kwamba walipewa walichoitiwa. Mhakiki hapimi wingi wa walioingia, apima walichotoka nacho. Na kipimo cha barazani ni kikali: mwambie aliyeiona filamu ile akusimulie. Atapiga kelele za vyuma, atanyosha mikono, kisha atasema, “Ilikuwa lazima uwepo.” Maneno hayo ni hukumu. Mwenye hadithi hamhitaji msikilizaji awe amekuwapo.

Kwa upande wa haki, yafaa kukubali jambo moja. Yako matazamio ambayo hayana deni la kisa. Watu wanaokwenda Makunduchi kuuangalia Mwaka Kogwa hawaulizi, “Halafu ikawaje?” Ngoma, gwaride, fataki za usiku wa sikukuu, vyote hutazamwa kwa ajili ya kutazamwa, na mtu arudi nyumbani ameridhika. Filamu nayo yaweza kuchagua kuwa ngoma, na ikifanya hivyo kwa uaminifu, mhakiki hana haki ya kuidai kisa. Kosa liko kwingine: ni katika filamu inayomtambulisha mtu, ikampa jina, mama na ahadi, ikamfanya mtazamaji amjali, kisha ikamwacha njiani ili ionyeshe moto. Hiyo imekopa. Na picha haziwezi kulilipa deni hilo, kwa sababu mkopo wenyewe haukuwa wa jicho.

Sasa swali lirudi nyumbani, kwani hapa ndipo penye hatari halisi. Tangu mwaka 1998 Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe imepokea filamu za Tamasha la Filamu la Nchi za Majahazi, na vijana wa Visiwani wamepata kuona kazi za wenzao wa pande zote za Bahari ya Hindi. Vyombo vimepungua bei. Kamera ndogo na droni, ile kamera irukayo, vimefika mikononi mwa watu ambao babu zao walilipa tu kuingia sinema. Filamu nyingi za hapa hazina uwezo wa kuunda majoka. Lakini ziko na mazingaombwe ya namna nyingine, tena ya bure, nayo ni mji wenyewe. Milango ya nakshi, vichochoro, jahazi na jua linalotua, mnara wa msikiti wa Malindi wenye umbo la pia ukitazamwa kutoka juu: vyote hivi humshangaza mgeni bila ya gharama. Kishawishi ni kikubwa. Mtu hupitishwa uchochoroni kwa sababu uchochoro ni mzuri, wala si kwa sababu ana aendako. Jahazi hupita nyuma ya waposaji, na hapana ajuaye limebeba nini. Malindi, ambayo ni mahali pa wachukuzi, wavuvi, mabaharia na wenye madeni, hugeuzwa kuwa pazia la nyuma. Mji ukifanywa kiini macho, wakazi wake hupoteza visa vyao, yaani hupoteza sababu za kufanya wanayoyafanya.

Kwamba jambo hili laweza kuepukwa kwaonyeshwa na Vuta N’Kuvute, filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Bwana Amil Shivji kutokana na riwaya ya Bwana Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka huo huo, na uzuri wa picha zake ulisifiwa. Uzuri huo wafaa kuchunguzwa kwa kipimo kilichowekwa hapa. Kisa ni cha Unguja ya miaka ya 1950: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, amtoroka mumewe, na usiku akutana na Denge, kijana apambanaye na ukoloni. Katika filamu hii giza lina kazi. Ni giza la wanaojificha polisi, na la wapenzi ambao jamaa zao hawatawaridhia. Ukuta unaopendeza machoni ndio ukuta unaowatenga. Hapo mandhari yamekuwa sehemu ya kisa.

Hata hivyo filamu hii haikuepuka kabisa tatizo lililo mbele yetu. Riwaya ina nafasi ya kuonyesha jinsi Yasmin alivyopitishwa kutoka nyumba hata nyumba, na ni nani aliyemfungia mlango na nani aliyemfungulia, hata mapenzi yake na Denge yakawa ni matokeo ya mambo mengi yaliyotangulia. Filamu ya saa moja na nusu haina nafasi hiyo. Pale ilipokata, mara nyingine iliweka picha nzuri mahali pa sababu, na mtazamaji asiyeisoma riwaya aweza kuhisi kwamba mapenzi yamefika kabla ya kisa chake. Aliyeisoma huliziba pengo kwa kumbukumbu. Naye, bila ya kujua, amefanya kazi ya Lufufu: ameiongezea picha ulimi.

Kutokana na hayo yote jibu la swali laweza kusemwa bila ya kusitasita. Picha za ajabu haziwezi kukifidia kisa, kwa sababu si za jinsi moja nacho. Zaweza kukikoleza kikiwapo, na zaweza kumchelewesha mtazamaji asitambue kwamba hakipo. Lakini jibu peke yake halitoshi, maana lina madai yake. Warsha za filamu zinazoandaliwa mwambaoni hazina budi kumpa mwandishi wa kisa nafasi sawa na mshika kamera. Wanaotoa tuzo wangefanya vema kuusoma mswada kabla ya kuitazama picha. Na vyuo vinavyofundisha Kiswahili, ambavyo vimeikubali riwaya, tamthilia na ushairi kuwa ni fasihi, havijaonyesha bidii iyo hiyo katika kuhifadhi na kuhakiki miswada ya filamu, wala katika kuzirekodi sauti za wasimulizi wa filamu, ambao ndio waliolijibu swali hili kwa vitendo kabla ya wataalamu kuliuliza. Kanda zao zachakaa, na wengine wao wamekwisha kufa. Sauti hizo zikipotea, itabaki picha tupu, na atakayekuja kuitazama baadaye hatapata wa kumwambia kisa chake.